Mwaka Niliogoma Kuvua Jinzi

Walinipigia simu Jumanne asubuhi kunipa habari mbili: kwamba Shangazi Dafrosa amefariki, na kwamba kwenye mazishi nivae sketi. Aliyepiga alikuwa mpwa wake, mtu mzima mwenye wajukuu, na habari ya pili aliitoa kwa sauti ya chini kuliko ya kwanza, kana kwamba huko ndiko msiba wenyewe ulikolala. Nikampa pole, nikauliza saa ya mazishi, nikakata simu. Alhamisi nilifika Endamarariek nimevaa jinzi nzito ya bluu iliyofifia magotini, koti la kazi la rangi ya udongo, na viatu vya kufunga kamba. Akina mama waliokuwa wakipika walinipa kanga nijifunge. Niliwashukuru, nikaikunja mara nne, nikaitandika kwenye benchi, nikaikalia. Niliona wanavyotazamana. Nina miaka hamsini na saba. Watu kutazamana nimeshazoea.

Sikufanya vile kwa dharau. Wote waliokuwa pale walimjua Dafrosa wa uzeeni, mama wa kiti cha mbele kanisani, na wasifu wa marehemu uliposomwa ulianza na ubatizo wake, ukaruka, ukatua kwenye ugonjwa wake. Katikati pale kuna mwaka mmoja ulioachwa, nami nilikuwemo ndani yake tangu Januari hadi Desemba. Leo nina duka la nguo za kazi hapa Karatu. Madereva wa watalii wananiletea suruali nikunje pindo, mafundi wa gereji wananunua ovaroli, na nyuma ya duka nina chumba ambamo hakiuzwi kitu: jinzi za zamani na makoti ya kazi, zaidi ya sitini, zimetundikwa ukutani kwa misumari. Siweki zilizo nzima. Naweka zilizofanya kazi. Kuna moja ambayo mtu asiyejulikana, huko zilikotoka, aliandika jina lake kwa wino ndani ya kiuno. Nyingine mfuko wa nyuma umechorwa duara na kopo ambalo mwenyewe alitembea nalo miaka. Wapo wanaosema nimerukwa na akili kutunza matambara. Kwangu zile ni mashahidi.

Nilikuwa na miaka ishirini nilipohamia kwa Dafrosa. Hatukuwa na undugu. Nilimwita shangazi kwa sababu ya umri wake na kwa sababu alinipa pa kulala. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kitenge kilichofungwa barabara kifuani na futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni hata wakati wa kula. Alikuwa anauza suruali za mitumba, jinzi na kadeti za wanaume tu, pamoja na majaketi machache ya jinzi, katika chumba kimoja alichopanga kando ya barabara kuu. Chumba hicho kilikuwa duka, karakana na nyumba. Mchana mlango ulikuwa wazi, suruali zimetundikwa hadi nje; jioni tuliingiza kila kitu, tukatandika godoro juu ya mabelo mawili, yale marobota ya mitumba, tukalala juu ya biashara yetu. Harufu ya belo jipya hainitoki: dawa ya nondo, vumbi la meli, na kitu kama jasho la watu walio mbali sana. Mwezi wa Mei ukungu uliposhuka kutoka msituni na mji mzima ukawa unakohoa, tulijifunika jinzi. Jinzi nne juu ya blanketi moja zinashinda blanketi la pili.

Ukuta wa kushoto ulikuwa wa mbao, na upande wa pili palikuwa na mgahawa wa Mama Elieza. Mbao zilikuwa zimeachana, hivyo supu yake tuliinusa kabla ya wateja wake na maneno ya wateja wake tuliyasikia kabla ya wake zao. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa na kiporo cha makande yaliyokaangwa kwa kitunguu, tukiwa kimya, tunasikiliza. Madereva walikuwa wanasimulia wageni wa jana, nani katoa bakshishi, gari la nani limekwama kwenye tope la Oldeani. Dafrosa alisikiliza kwa ajili ya biashara. "Yule anayecheka amenenepa," aliniambia siku moja, mdomo umejaa makande. "Sauti imeshuka tumboni. Mtengee kiuno cha thelathini na sita." Saa nne yule dereva akaingia, na kweli, thelathini na nne zote zilimkataa.

Yeye ndiye aliyenifundisha kupima. Unafunga kifungo cha suruali, unakunja kiuno kiwe bapa, unakizungusha shingoni kwa mteja. Ncha zikikutana nyuma bila kumkaba, suruali itamtosha, hana haja ya kuvua nguo sokoni. Kama mteja ana haraka, unaingiza mkono wake kiunoni, kiwiko upande mmoja na ngumi upande mwingine. Alinifundisha pia kuijua jinzi ya kazi kwa vidole: kitambaa kinachokataa kukunjika, mishono mitatu sambamba kwenye paja, vibati vya shaba kwenye pembe za mifuko, magoti yenye nguo mara mbili, kitanzi cha nyundo ubavuni. Zilizo nzuri kuliko zote zilikuwa na ukingo mweupe uliopitiwa na uzi mwekundu, ukigeuza pindo unauona. Hizo tuliziweka kando kwa wateja waliojua. Wafugaji waliotoka juu Ngorongoro walijua. Walikuja siku ya mnada, wakapita nguo laini bila kuzitazama, wakashika jaketi zito la jinzi, wakalivaa ndani ya shuka. Mmoja aliniambia, "Nataka ile inakataa upepo," na tangu siku hiyo hilo ndilo jina tulilolipa gredi ile.

Mwezi wa tatu, siku ya mnada, nilikuwa juu ya lori napokea belo. Niliporuka chini, sketi yangu ilinasa kwenye chuma cha bodi ikachanika kutoka pindo hadi kiunoni. Nilisimama pale mbele ya wauza ng'ombe, wachoma nyama na nusu ya Karatu, nimeshika vipande viwili vya sketi kwa mikono miwili, na belo liko miguuni kwangu. Walicheka. Alikuwepo mzee niliyemwamkia kila Jumapili, naye alicheka. Hakuna aliyeniazima hata gunia. Kesho yake asubuhi nilitoa kwenye zile tulizoweka kando jinzi moja yenye uzi mwekundu, nikaivaa.

Shingo haidanganyi kwa mwanamume. Kwa mwanamke inadanganya. Ile jinzi iliyotosha shingo yangu ilikwama mapajani, na iliyopita mapajani iliachia kiuno kikawa kama mdomo wa ndoo. Nilifunga kamba ya katani wiki nzima. Halafu nikakaa kwenye cherehani, nikafumua mshono wa nyuma kuanzia kiunoni kushuka, nikatoa kipande cha pembetatu, nikashona upya mara tatu kwa uzi wa viatu. Sindano mbili zilivunjika. Dafrosa alinitazama muda wote, na alipoona mshono umekaa aliupitisha kidole gumba. "Nani alikufundisha hii?" akauliza. Nikamwambia makalio yangu. Akacheka hadi Mama Elieza akagonga mbao kutuuliza kuna nini.

Maneno yakaanza upande wa pili wa ukuta. "Yule binti wa Dafrosa, mmemwona?" "Anatafuta mzungu." "Hapana, anatafuta laana." Nilisikia huku nakunywa chai, na kila sentensi ilinifanya nivute mkanda tundu moja zaidi. Nilikuwa naimba kwaya, sauti ya pili, na wenzangu wakaacha kusimama karibu nami mazoezini. Kisha akaja Mzee Gabrieli. Alikuwa mzee wa kanisa, na ndiye aliyekuwa mwenye kiwanja na chumba tulichopanga.

"Shikamoo mzee," nilimwambia mlangoni.

"Marahaba." Hakutazama miguu yangu. Alitazama fremu ya mlango juu ya kichwa changu, kama mtu anayekagua mchwa. "Dafrosa yupo?"

"Yupo, karibu ndani."

"Siingii. Mwambie baraza linakuita wewe Jumamosi, na yeye aje kama mlezi."

Baraza lilikaa kwenye ofisi nyuma ya kanisa, wazee watano, birika la chai na sahani ya maandazi ambayo hatukukaribishwa. Mimi nilikaa kwenye benchi, Dafrosa pembeni yangu na kitenge chake kipya. Mzee Gabrieli ndiye aliyeongea.

"Binti, unajua umeitwa kwa nini?"

"Najua, mzee. Suruali."

"Na unajua Neno linakataza mwanamke kuvaa vazi la mwanamume?"

"Nimeipunguza kiuno, mzee. Sasa hakuna mwanamume inayemtosha."

Mmoja wao alipaliwa na chai. Mzee Gabrieli alisubiri amalize kukohoa, kisha akatoa uamuzi bila kuwauliza wenzake: Jumapili ya wiki inayofuata nisimame mbele ya washarika, niombe radhi, niikabidhi ile suruali, ndipo nirudi kundini. Nilimtazama Dafrosa. Alikuwa anaviringisha futi yake kwenye kidole, anaifungua, anaviringisha tena.

Tulirudi kwa miguu. Vumbi jekundu lilikuwa limetulia baada ya mvua ndogo, na nakumbuka nilitamani aseme lolote, hata la kunitukana. Tulipofika karibu na kituo cha mafuta akasema, "Omba radhi tu, Tere. Maneno hayambani mtu kiuno."

"Nikiomba radhi kwa kuivaa, shangazi, wewe utaomba radhi kwa lipi? Wewe ndiye unayeziuza."

"Mimi nauza. Sivai."

Nimelifikiria jibu lile miaka mingi kuliko miaka aliyokuwa nayo yeye siku ile. Nilipokuwa kijana niliona ni woga. Leo, mwenye duka na mwenye kodi ya kulipa, naona alikuwa mwanamke aliyechonga kijia chembamba sana cha kupita duniani, akawa anakitembea kwa uangalifu, na mimi nilikuja nikakanyaga ukingo. Lakini kumwelewa si kumpa haki. Alikuwa amekosea, na niliujua ukweli huo siku ile kwa miaka yangu ishirini kama ninavyoujua sasa.

Jumapili ile nilivaa jinzi yangu, nikaipiga pasi ya mkaa hadi ikasimama. Kanisa lilijaa hadi madirishani. Watu walikuja kutazama. Nilipoitwa nilisimama mbele, mikono mifukoni. Nikasema, "Nimeitwa kuomba radhi. Naomba radhi kwa sketi iliyochanika mnadani, maana ilinidhalilisha mbele ya watu wazima na hakuna aliyenisitiri. Kwa suruali sina la kusema." Nikashuka. Sikukimbia. Nilipita katikati ya mabenchi hadi mlangoni, na vibati vya shaba vikagonga pembe ya benchi la mwisho kwa mlio ambao naamini kanisa zima lilisikia. Dafrosa alikuwa ameinamia kitabu cha nyimbo. Nyimbo zilikuwa hazijaanza.

Nilitengwa. Siku tatu baadaye Mzee Gabrieli alimwambia Dafrosa ama mimi niondoke chumbani ama tuondoke wote wawili. Dafrosa alinifungia nguo zangu mwenyewe, akazikunja vizuri mno, na alipomaliza akaniambia, macho kwenye cherehani, "Nielewe." Nilitoka na kifurushi changu, nikatembea hatua kumi na mbili, nikaingia kwa Mama Elieza. Yeye alikuwa mwanamke mnene, mkali, asiye na kanisa wala subira, na alinipokea kwa sentensi moja: "Utaosha sufuria, utalala stoo, na hiyo suruali ivae, wateja watakuja kuitazama watanunua chai."

Walikuja, wakanunua chai. Na mimi nikajikuta upande wa pili wa ukuta ule ule, nasikiliza chumba nilichotoka. Sasa nilisikia cherehani ikianza na kukatika. Nilisikia wateja wakiuliza, "Yule msichana wako yuko wapi? Yeye ndiye anayejua kiuno changu," na Dafrosa akiwatajia bei badala ya kujibu. Miezi mitatu hatukusemezana. Tulikutana kisimani na ndoo zetu, akaangalia kule, nikaangalia kule. Hasira yangu ilikuwa nzito na ya kudumu, na nikiri, niliifurahia.

Mwezi wa tisa, asubuhi, nilikuwa namenya viazi nikasikia sauti ya Mzee Gabrieli ng'ambo. Alisema wasichana wawili wa shule wameonekana dukani wakiuliza bei. Alimtaka Dafrosa aahidi, mbele ya shahidi aliyekuja naye, kwamba hatamuuzia mwanamke yeyote suruali. Kisu changu kilisimama. Mama Elieza naye alisimama, mwiko mkononi.

"Mzee," Dafrosa alisema, "miaka kumi na moja nauza suruali hapa. Sijawahi kuiuliza suruali inakwenda kwa nani."

"Sasa uiulize."

"Niliahidi kunyamaza, nikanyamaza. Niliahidi kumtoa mtoto, nikamtoa. Ya tatu sina."

"Unajua chumba hiki ni cha nani?"

"Chako, mzee. Kiuno ni changu."

Nyayo zilitoka. Sikuelewa alichomaanisha hadi aliposimama kwenye mlango wa mgahawa, mbele ya madereva waliokuwa wanakunywa supu, ana jinzi ya bluu iliyokolea mkononi na macho mekundu. Aliinyoosha kwangu.

"Nipime," akasema.

Huyu mwanamke alijua viuno vya wanaume wa Karatu kwa kusikia vicheko vyao, na chake hakukijua. Nilifuta mikono, nikafunga kifungo, nikakunja kiuno, nikakizungusha shingoni mwake. Shingo yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani, na mshipa ulikuwa unapiga chini ya kidole changu. "Shingo na nyonga zako hazina undugu, shangazi," nilimwambia, na ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake tangu Juni. Alicheka na kulia kwa pamoja. Hakuniomba msamaha kwa mdomo, wala sikuudai. Tulirudi chumbani, nikafumua, nikakata pembetatu, nikashona, naye akakaa kwenye belo na kanga kiunoni akisubiri kama mteja. Alipoivaa alitembea hatua mbili, akachuchumaa, akainuka, akachuchumaa tena. Kisha akatoka nje, akazunguka kiwanja chote, akapita mbele ya kibaraza cha Mzee Gabrieli, akamwamkia kwa heshima zote. Mzee hakuitikia. Mwisho wa mwezi hatukuwa na chumba.

Tulihamishia mali yetu stoo kwa Mama Elieza. Hapo mjini wateja walipungua. Waliokuwa wanamwogopa mzee walinunua kwingine. Dafrosa alikaa siku mbili bila kula vizuri, siku ya tatu akaniuliza, "Ni wanawake gani wanafanya kazi ya kulowa?" Jibu tulilijua wote wawili. Tuliteua suruali nzito, zile zinazokataa upepo, nikazishughulikia wiki nzima usiku na mchana, kila moja pembetatu nyuma. Kisha tukapanda lori la mbao hadi Oldeani, kwenye shamba moja la kahawa, tukatandika turubai nje ya geti kabla jua halijatoka kwenye ukungu.

Wachumaji walikuwa wanafika, karibu wote wanawake, vikapu mgongoni, kanga zimepandishwa. Nyapara alikuja mbio. "Hapa si mnada!"

"Ndiyo maana hatupigi kelele," Dafrosa akamjibu, akiendelea kupanga.

Wanawake walisimama mbali. Walitutazama sisi wawili, tulivyovaa, wakatazama turubai, wakanong'ona kwa Kiiraqw. Mwishowe alijitokeza mmoja, bibi wa miaka sitini hivi, aliyejiita Magdalena, vifundo vyake vimepasuka kwa baridi. Hakuuliza bei. Alininyooshea shingo kama anayevishwa shanga. Nilimpima, nikachagua, akaivaa chini ya kanga palepale, akaivua kanga, akaifunga kichwani. Aliingia kati ya mistari ya mibuni, majani yakimmwagia umande mapajani, akaenda hadi tukampoteza kwenye ukungu, akarudi. Akajishika mapaja kwa viganja viwili. Yalikuwa makavu.

"Miaka thelathini nimelowa hadi kiunoni kwenye shamba hili," akasema, kwa sauti ya kuwafikia wote hadi nyapara. "Hakuna aliyeitisha baraza kwa hilo."

Ndipo wakaja. Walikuja wote kwa pamoja, wakituinamishia shingo, wakicheka, wakigombea zenye magoti ya nguo mara mbili, na mimi na Dafrosa tulipima hadi vidole vikafa ganzi. Nyapara alipiga filimbi yake mara tatu kisha akaiacha ining'inie. Jua lilipotoka turubai lilikuwa tupu, zimebaki mbili nyembamba ambazo hazikumtosha mtu, na wanawake kumi na zaidi wametuzunguka mikono mitupu, wakidai zao ziko wapi. Dafrosa alikunja turubai, akalifunga kwa kamba, akalitupa begani.

"Kesho," akawaambia, "tunaleta viuno vikubwa."